Kijiti cha Kupimia Sukari ni Sehemu ya Dozi

*Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya, Siku ya Kisukari Duniani, mbele ya wagonjwa, wazazi, watumishi wa afya na viongozi wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini*

Ndugu Mgeni Rasmi, waganga na wauguzi wa kliniki zetu, wafamasia wenzangu, viongozi wa vikundi vya wagonjwa, wazazi, na vijana wetu mnaoishi na kisukari: kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na kwa ndugu wa Songwe na Rukwa, karibuni sana Mbeya.

Nimeombwa nizungumzie bima ya afya ya serikali na mahitaji ya mgonjwa wa kisukari. Jambo hilo ni pana, nami nitalibana. Nimefanya kazi kwa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa la wanachama wa bima, na kutokana na niliyoyaona pale nina hoja moja ambayo ningependa tuondoke nayo hapa ikiwa tayari imeandikwa kwenye barua, wala isiishie kwenye makofi. Hoja yenyewe ni hii: kwa mtu anayejichoma insulini, kijiti cha kupimia sukari, kile kinachotiwa tone la damu na kusomwa na mashine ndogo, ni sehemu ya dozi, na bima inayolipia insulini pasipo kulipia vijiti vya kupimia nyumbani imelipia nusu ya tiba.

Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo, maana wapo watu wema, wenye dhamana kubwa, ambao bado wanaviona vijiti kuwa kifaa cha kumsaidia mgonjwa aishi kwa raha zaidi. Dawa mseto ya malaria hupangwa kwa uzito wa mgonjwa, naye huimeza kwa siku tatu akamaliza. Insulini haiendi hivyo. Kiasi alichojichoma mtu jana kinaweza kuwa kikubwa mno leo, kwa sababu leo ameamkia shambani Isongole kupalilia viazi tangu alfajiri na hajala hadi saa sita. Kesho yake kiasi kilekile kikawa kidogo mno, kwa sababu ana homa, au amehudhuria msiba akala wali mara mbili. Ikizidi, sukari hushuka, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akaongea maneno yasiyoeleweka, na asipopewa kitu kitamu upesi huzimia na anaweza kufa. Ikipungua, sukari hupanda, mwili ukaanza kuunguza mafuta na kutengeneza asidi, na kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kumtosha kuishi, safari ya kutoka kwenye kiu na kukojoa mara kwa mara hadi kupoteza fahamu huchukua siku chache tu. Katikati ya hatari hizo mbili mgonjwa hana kitu cha kumwongoza ila namba anayoiona kwenye mashine. Tunapompa chupa ya insulini na kumnyima hiyo namba, tunamwambia akisie.

Leo, tarehe 14 Novemba, ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891. Yeye na Charles Best ndio walioipata insulini huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na haki za ugunduzi huo zikauzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mgunduzi, kwa nia kwamba dawa hii isigeuzwe kuwa mali ya wachache. Shirika la Afya Duniani liliiweka insulini kwenye orodha yake ya kwanza kabisa ya dawa muhimu mwaka 1977. Mashine ndogo za kupimia sukari nyumbani zilienea baadaye, kuanzia miaka ya 1980. Naamini mpangilio huo wa miaka una mchango wake katika tatizo letu: dawa iliingia kwenye orodha za serikali mapema, kipimo cha nyumbani kikabaki nje mlangoni, na kila orodha mpya inaponakiliwa kutoka kwenye ya zamani, kinaendelea kubaki nje.

Sasa tuje nyumbani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma, ambao huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Kwa wananchi wa vijijini umekuwepo Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kuboreshwa mwaka 2018 ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na huduma zake zikifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa endapo mgonjwa amefuata ngazi. Mwezi Novemba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naitaja sheria hiyo kwa makusudi. Nchi inapoingia kwenye bima ya watu wote, suala la nini kimo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, na nini hakimo linakuwa suala la kila kaya, na jambo lisilosemwa wakati vitita vinapoandikwa na kupitiwa upya husubiri miaka kabla ya kupata nafasi nyingine.

Mwanachama akifika kituoni, akatobolewa kidole na mtaalamu wa maabara, kipimo hicho ni huduma, kinaandikwa na kituo kinaidai bima. Akirudi nyumbani kwake Makongolosi au Itumba, kipimo hichohicho, cha ugonjwa uleule, kinakuwa mzigo wake. Wanachama wengi niliowahudumia walikuwa wakichukua insulini kwa kadi, kisha wakavuka barabara kwenda duka la dawa kununua vijiti kwa fedha taslimu. Nao hununua kulingana na fedha iliyopo, si kulingana na maelekezo ya daktari. Kopo la vijiti hamsini lingemtosha siku kumi na mbili mtu aliyeagizwa kupima mara nne kwa siku. Nimeona kopo hilo likitumika miezi minne. Mama mmoja alikuwa akilifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuliweka juu ya kabati, akitoa kijiti kimoja tu pale mwanaye alipoonekana kulegea, na alipolileta dirishani kuuliza kwa nini mashine inaandika kosa, niligundua kuwa tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita, na kifuniko, ambacho ndani yake mna dawa ya kunyonya unyevu, kilikuwa kimepasuka. Vijiti vikiingiwa na unyevu hutoa namba za uongo. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa akichomwa insulini kwa kufuata namba ambayo haikuwa yake.

Hapo sijamlaumu mama. Alitunza alichokuwa nacho.

Jambo la pili, ambalo halizungumzwi sana na linaumiza kimyakimya, ni hesabu ya insulini yenyewe. Chupa ya kawaida ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100, hivyo chupa nzima ni yuniti 1,000. Mtu mzima anayetumia yuniti 40 kwa siku humaliza chupa kwa siku 25. Daktari akiandika chupa moja kwa mwezi, ameacha siku tano bila dawa, na mgonjwa atazijaza siku hizo kwa kupunguza dozi kidogokidogo tangu mwanzo wa mwezi bila kumwambia mtu. Upande wa pili yuko mtoto anayetumia yuniti 15 kwa siku. Kwa hesabu ya kalamu, chupa yake ingemfikisha zaidi ya siku 60. Lakini chupa ikishafunguliwa na kukaa nje ya jokofu inafaa kwa wiki nne hadi sita tu, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, na kaya nyingi za mabonde ya Usangu hazina jokofu, huku joto la kule mnalijua. Mzazi anaporudi baada ya wiki sita na kuambiwa kuwa muda wake haujafika kwa sababu yuniti hazijaisha, anarudishwa nyumbani na dawa iliyopoteza nguvu. Napendekeza kwa dhati kwamba kanuni ya kutoa insulini izingatie vyote viwili: yuniti zinazotumika na siku tangu chupa kufunguliwa. (Na kwa ndugu zangu wa Makete na wa pembezoni mwa Kitulo, ambako baridi hufikia kugandisha umande, nikumbushe tu kwamba insulini iliyoganda nayo imeharibika, isirudishwe kwenye matumizi hata ikiyeyuka na kuonekana safi.)

Kabla sijaendelea kuidai serikali, nina neno kwa sisi tunaoandika vyeti vya dawa. Madai mengi ya kisukari huharibikia kwenye karatasi. Cheti kinachosema "insulini, chupa 1, aendelee" hakimsaidii mgonjwa wala mfamasia, na mkaguzi wa madai ofisini hawezi kujua kama kiasi hicho ni halali. Cheti kinachostahili kinataja utambuzi kamili, E10 kwa kisukari cha aina ya kwanza au E11 kwa aina ya pili, kwa kuwa herufi na namba hizo ndizo zinazosomwa kwenye madai. Kinataja aina ya insulini, yuniti za asubuhi na za jioni, idadi ya siku, na jumla: kwa mfano insulini ya mchanganyiko ya 30 kwa 70, yuniti 24 asubuhi na 16 jioni kwa siku 30, jumla yuniti 1,200, yaani chupa mbili. Kinataja sindano za insulini, zile ndogo zenye alama za yuniti 100, kwa sababu mgonjwa akipewa sindano ya kawaida ya mililita mbili hawezi kupima yuniti 16 kwa usahihi hata akiwa na macho makali kiasi gani. Na kinataja idadi ya kupima sukari kwa siku. Mstari huo wa mwisho naomba uandikwe hata pale mnapojua kuwa vijiti havitatolewa. Hitaji lisiloandikwa na daktari halionekani kwenye takwimu za Mfuko, na lisiloonekana kwenye takwimu halitengewi fedha.

Vilevile mwanachama asiondoke dirishani na maneno ya mdomo. Ukiambiwa dawa haipo, omba utaratibu wa kuichukua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko. Ndiyo kazi ya fomu ya 2C. Ukiambiwa kitu hakimo kwenye kitita, omba kwa heshima uandikiwe hivyo, pamoja na tarehe na mhuri. Ukiambiwa kinahitaji kibali, uliza ni kibali kipi, kinaombwa na nani, na kwa ofisi gani. Mara nyingi anayepaswa kukiomba ni kituo, si mgonjwa, na nimewaona wazee wakipanda daladala kutoka Mbalizi hadi mjini kufuatilia jambo ambalo lilipaswa kumalizwa kati ya kompyuta mbili. Kumbukeni pia suala la ngazi: kila dawa kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu ina herufi inayoonyesha inaanza kutolewa ngazi gani, kuanzia A ya zahanati hadi juu, na kinachopatikana hospitali ya rufaa si lazima kiwepo zahanati ya kijiji chako. Ukihamishiwa ngazi ya chini kwa ajili ya dawa za kila mwezi, hakikisha kwanza kwamba dawa yako inatolewa huko.

Ndugu Mgeni Rasmi, najua swali linalokusubiri ofisini: fedha itatoka wapi? Nitalijibu kwa uaminifu, na nitaanza kwa kupunguza ombi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na sukari ya juu. Hao ni wengi, na siombi kila mmoja wao apewe vijiti vya kupima mara nne kwa siku. Wengi wana kisukari cha aina ya pili na wanatumia vidonge, kama metformini. Kwao upimaji wa kila siku nyumbani haubadilishi tiba kwa kiasi kikubwa, na kinachowafaa zaidi ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kikifanyika kliniki kwa wakati. Kuomba vijiti kwa wote ni kujinyima hoja. Ninaomba kwanza kwa wanaojichoma insulini, na miongoni mwao kwanza wenye aina ya kwanza na wajawazito wanaotumia insulini, ambao ni wachache na ambao hatari yao ni ya leo, si ya miaka kumi ijayo.

Tofauti hiyo haikubuniwa Mbeya. Huko Marekani, bima ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu, iitwayo Medicare, huruhusu mtu anayetumia insulini vijiti 300 kwa kila miezi mitatu, na asiyetumia insulini vijiti 100 kwa kipindi hicho, kwa maelekezo ya daktari. Nchi hiyo ina fedha nyingi kuliko sisi, na bado imeweka mpaka. Sisi tunaweza kuweka wetu, mdogo zaidi kwa kuanzia, mradi uwe umeandikwa na unajulikana. Mwezi Mei mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia malengo matano ya kisukari ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030, na moja kati ya hayo linataka asilimia 100 ya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza wapate insulini na vifaa vya kujipimia kwa gharama wanayoimudu. Angalieni kwamba lengo hilo halikutenganisha insulini na kipimo; vimetajwa pamoja kwenye sentensi moja.

Ama kuhusu fedha zenyewe, Mfuko unaosita kulipia vijiti ndio huohuo unaolipia usafishaji wa damu pale figo zinaposhindwa, tena mara mbili au tatu kwa wiki, kwa maisha yote yaliyobaki. Ndio unaolipia kulazwa kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, na kukatwa kwa mguu ulioanza na kidonda cha kidole. Sisemi kila kijiti huzuia figo moja kufa. Nasema fedha ya kisukari inatoka kwa vyovyote vile, na tunachochagua ni kuitoa mapema, kidogokidogo, mtu akiwa shambani au darasani, au kuitoa yote akiwa kitandani.

Na ipo njia ya kupunguza gharama ambayo haihitaji sheria mpya. Mashine za kupimia sukari zimefika kwetu kwa misaada, zawadi na maduka, za aina nyingi, na kila aina hukubali vijiti vyake pekee. Matokeo yake mgonjwa ana mashine tatu kwenye droo na hana kijiti hata kimoja kinachoingia. Bohari ya Dawa ina kanda zake hapa Mbeya na Iringa. Ikichaguliwa aina moja ya mashine kwa ajili ya vituo na wanachama wa bima, ikanunuliwa kwa wingi kwa mkataba unaofunga bei ya vijiti kwa miaka kadhaa, bei itashuka, na fundi wa vifaa tiba, muuguzi na mgonjwa watakuwa wanazungumzia kitu kimoja. Mashine yenyewe ni rahisi, na wauzaji wengi wako tayari hata kuitoa bure. Faida yao iko kwenye vijiti. Mazungumzo ya bei yaanzie hapo.

Nimeliacha kundi moja hadi sasa kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wamekuwa wakipata insulini na vijiti bila malipo kupitia miradi ya msaada inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chama cha Kisukari Tanzania. Kazi hiyo imeokoa maisha, na baadhi ya vijana waliokaa mstari wa mbele leo ni ushahidi. Lakini miradi hiyo ina ukomo wa umri. Kijana hufika umri huo, na karibu na kipindi hichohicho huondoka kwenye kadi ya mzazi wake, akiwa bado hajapata ajira, au akiwa ameanza kuendesha bodaboda Mwanjelwa, au kufundisha kwa kujitolea shule ya kata. Anapoteza insulini ya bure, vijiti vya bure na bima kwa mpigo, akiwa na ugonjwa ambao hauna likizo. Nasihi kliniki zisisubiri siku hiyo. Mwaka mmoja kabla, muuguzi akae na kijana na mzazi, waangalie ataingia bima ipi, kwa mchango wa nani, na ni nani atakayeandika jina lake kwenye daftari la watu wazima. Na halmashauri, ambazo hutenga fedha za kugharamia kadi za kaya zisizo na uwezo, ziwatambue vijana hawa kwa ugonjwa wao pia, kwa maana kwa sura wanaonekana wana nguvu na hakuna kamati ya kijiji itakayowaandika bila kuelezwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, barua iliyo mbele yako ina maombi matatu kwa Mfuko, kupitia ofisi yake ya mkoa. La kwanza, vijiti na vitobolea vya kupimia nyumbani viingizwe kwenye kitita kwa wanaotumia insulini, kwa idadi itakayotajwa. La pili, insulini itolewe kwa kuzingatia muda wa chupa kufunguliwa, na mgonjwa ambaye sukari yake imetulia aruhusiwe kuchukua dawa za miezi miwili au mitatu kwa safari moja, pale anapokuwa na mahali pa kuzihifadhi. La tatu, mwanachama anayenyimwa huduma apewe sababu kwa maandishi. Tunaomba jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba ombi fulani halitawezekana mwaka huu, ili tujue tulipeleke wapi.

Wafamasia wawili wako kwenye meza iliyo upande wa mlango. Mwenye cheti cha dawa cha miezi ya karibuni apite hapo kabla ya kwenda kula. Watakisoma pamoja naye, na pale ambapo yuniti, siku au idadi ya vipimo haikuandikwa, watampa karatasi ya kumpelekea daktari wake. Wazazi wenye watoto wanaokaribia kuvuka umri wa mradi waketi upande wa kulia, kwa sababu muuguzi wa kliniki angependa kuchukua majina yao leo. Asanteni.